Kiuno cha Mama Nesi

Mtaani walimwita Fundi Kiuno, na mgeni akilisikia jina hilo kabla ya kumwona mwenyewe hutegemea kumkuta mcheza ngoma. Akifika kibandani humkuta seremala mtu mzima, mfupi, nyusi zimejaa vumbi la mbao, penseli sikioni, anaimba wimbo ambao maneno yake ameyasahau yote isipokuwa "aee". Kiuno chenyewe wala si chake. Ni cha mkewe.

Ilikuwa hivi. Kila kitu ambacho mtu hukifanyia kazi akiwa amesimama, iwe meza ya jikoni, kaunta ya duka au meza ya kupigia pasi, Fundi alikikata kwa urefu mmoja tu: kiuno cha Mama Nesi. Alikuwa na ufito aliouegemeza kwenye pembe ya kibanda, umekatwa alama ya msumeno mahali kiuno kilipofika, na ufito huo ulikuwa pale tangu hawajaoana. Mteja akisema anataka meza, Fundi humuuliza, "Ya kukaa au ya kusimama?" Akijibiwa ya kusimama, husema, "Basi kiuno," na habari ya vipimo imekwisha. Vijana walimtania. "Fundi, mke wangu mimi ni mrefu kuliko wako." Naye huwajibu, "Basi mpeleke kwa fundi mwenye mke mrefu."

Mama Nesi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti, na pini zikiwa mdomoni ndipo alipopenda zaidi kuzungumza. Jina la Nesi alilipata kutokana na binti yao wa pekee, nesi wa kweli wa hospitali, anayekaa mtaa wa juu ambako maji hayapandi hata yakibembelezwa. Wao wenyewe walikaa chini kabisa, mwisho wa mtaa, hatua chache tu kutoka kwenye mfereji.

Zamani mvua ya hapo ilikuwa na adabu. Ilianza kwa manyunyu, ikakupa nafasi ya kuanua nguo, ikanyesha kwa kipimo, ikaaga. Siku hizi joto linakaa miezi na miezi mpaka bati linalia lenyewe, halafu asubuhi moja inamwagwa mvua ya msimu mzima. Nesi alijaribu kumweleza baba yake. "Hewa ikiwa na joto inabeba maji mengi, Baba. Ikichoka kuyabeba, inayatua yote pamoja."

Fundi alifikiri, akasema, "Kumbe na hewa nayo inapakizwa kama punda wa muuza mkaa."

Mwaka uliopita punda huyo alitua mzigo wake mtaani kwao. Mama Nesi hakuwapo. Alikuwa kwa bintiye akimlea mjukuu aliyekuwa ndio kwanza amezaliwa. Fundi alishinda siku nzima juu ya kabati kama kuku, na maji yalipoanza kushuka mkewe alimpata kwenye simu.

"Maji yamefika wapi, Baba Nesi?"

"Kiunoni."

"Kiuno chako?"

"Changu cha nini? Chako! Yameilamba meza yako juu, yakaona inatosha."

Meza hiyo ndiyo ya kukatia vitambaa, kitu cha kwanza kabisa Fundi alichomtengenezea. Ilinusurika kwa sababu ilikuwa mbao ngumu. Godoro halikunusurika, wala sare za darasa zima, wala kiatu kimoja cha Fundi, wala ufito wa kibandani, ambao ulikwenda na maji na haukuonekana tena.

Nesi alikuja akasimama kwenye tope, mtoto mgongoni, akatangaza hukumu.

"Mnahamia kwangu."

"Kwako nitafanya nini?"

"Utapumzika, Baba."

Neno hilo lilimtia Fundi baridi kuliko maji. Alimjua mzee mmoja aliyepelekwa kupumzika kwa mwanawe. Walimkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni, na ulipopita mwaka ikawa kazi kusema mzee anaishia wapi na kochi linaanzia wapi. Hapa chini Fundi alikuwa Fundi. Huko juu angekuwa babu wa kusogezwa watu wapige deki.

"Nipe msimu mmoja," alisema. "Nitainua chumba."

Nesi alimtazama mama yake, ambaye alijifanya anakamua shuka. "Msimu mmoja, Baba. Maji yakigusa kitanda chenu tena, mnahama bila hadithi."

"Yasipogusa?"

"Nitanyamaza."

"Wewe?" mama yake aliuliza. "Unyamaze?"

"Nitajaribu."

Fundi akaanza kazi. Alipaka kuta chokaa kwanza, kwa sababu ya ukungu, na hapo alama ya maji ikafutika. Akabomoa dari ya chumba cha nyuma ili apate nafasi ya vichwa. Akapanga kusimamisha nguzo nene chumba kizima, juu yake atandaze sakafu ya mbao iliyobanana, na ngazi fupi ya kupandia. Juu hapo vingekaa kitanda, cherehani, na meza ya kukatia, ambayo kwa wakati huo ilikuwa uani imefunikwa turubai. Alipofika kwenye kukata nguzo akanyoosha mkono pembeni kuchukua ufito wake, mkono ukarudi mtupu.

"Mama Nesi!" alipaza sauti kutoka uani. "Simama ukutani uniwekee alama!"

"Alama ya nini?"

"Ya maji! Kiunoni!"

Mama Nesi aliingia chumbani miguu mitupu, pini mdomoni, akasimama wima, akachora mstari kwa chaki yake ya kukatia. Aliutazama ule mstari. Kisha akachungulia dirishani, akaitazama meza chini ya turubai, kama mtu aliyehisi ameacha kitu jikoni lakini hakumbuki ni kitu gani. Mlangoni mteja akapiga hodi, na wazo lile likaenda zake.

Fundi alikata nguzo kiasi kwamba mbao zikitandazwa juu yake zifike kwenye mstari wa chaki. Alipomaliza kutandaza mbao, aliongeza tabaka jingine jembamba, unene wa vidole viwili. "Hivi ni vya heshima," alisema, akaipigapiga sakafu kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Mtaa mzima ulikuja kuangalia. "Jukwaa zuri, Fundi. Mtatuimbia lini?" Mwashi wa jirani, mtu mrefu aliyezoea kuinama chini ya kila kamba ya nguo, ndiyo maana akaitwa Ngazi, alitikisa nguzo moja kwa mkono akaridhika.

"Na mimi nataka kuinua rafu zangu," alisema. "Nizipandishe mpaka wapi?"

"Maji yalifika kiunoni. Pita kidogo hapo."

Ngazi akaenda kupandisha rafu zake juu ya kiuno, chake mwenyewe, ambacho kwa watu wengi ni kifua. Muuza mkaa naye alisikia, akainua magunia yake mpaka kiunoni, ingawa kiuno chake kilikuwa kimezama ndani ya tumbo siku nyingi na ilibidi akikisie. Nyumba kwa nyumba, kila mtu aliinua vitu vyake mpaka kiunoni. Hakuna aliyeuliza kiuno cha nani.

Mvua ilikuja mchana, watu wakiwa wanamaliza kula. Haikunyunyiza. Ilimwagwa. Mfereji ulijaa, ukafurika, na maji yakapita chini ya mlango bila hodi. Fundi na mkewe walikuwa wamejiandaa. Cherehani ilikuwa juu, kitanda juu, sare zimepangwa juu ya meza, chupa ya chai sakafuni karibu na ukuta. Mama Nesi alipandisha kitu kimoja cha mwisho kimefungwa kwenye tambara, akakisukuma chini ya meza haraka haraka.

Fundi alisimama ukingoni mwa jukwaa, mikono nyuma, akayatangaza maji kama mtangazaji wa mpira. "Kidato cha kwanza cha ngazi kimezama! Wanakuja, wanakuja! Cha pili nacho! Lakini ngome iko imara, mabibi na mabwana, ngome iko imara!"

"Kaa chini usije ukazama na ngome yako."

"Mke wangu, leo utalala pakavu kuliko binti yako."

Kidato cha tatu kikazama. Maji yakafika usawa wa mbao, yakatulia kidogo, Fundi akacheka. Halafu, kwenye ule mbanano wa mbao na mbao aliokuwa akijivunia, vikachomoza vijilimi vidogo vya maji, kimoja hapa, kimoja pale, vikalambana, vikaungana. Sakafu ikang'aa. Fundi aliacha kutangaza. Maji yalipanda taratibu mpaka unene wa vidole viwili juu ya mbao, na hapo, bila sababu yoyote, yakaacha kupanda.

Miguu ya kitanda ilikuwa majini.

"Mguu wa kitanda si kitanda," Fundi alisema.

"Na mguu wako si wewe?"

Walisogeza sare upande mmoja, wakapanda juu ya meza, wakakaa bega kwa bega, miguu inaning'inia. Mvua ilikuwa imepungua. Sasa ilisikika ikichuruzika tu kwenye paa. Fundi alitazama kazi yake. Nguzo zilikuwa imara, mbao zimenyooka, misumari yote mahali pake, na bado amekosea. Alijua mvua ya leo haikuwa kubwa kuliko ya mwaka jana. Dirishani aliona maji yameishia kwenye tofali lile lile la ukuta wa jirani. Sasa vipi yamempita? Kilichomkaa kooni hakikuwa maji bali kochi. Alikuwa ameshaliona, rangi yake, mito yake, na yeye katikati.

"Ngoja nikupe chai," alisema, ili apate cha kufanya. Akashuka mezani, akapiga hatua ya kwanza, akajikwaa, akaruka kwa mguu mmoja huku maji yakimrukia.

"Nani ameweka tofali humu?"

Mama Nesi, mwanamke ambaye jibu lake hutangulia swali, alikuwa anaangalia paa.

"Mama Nesi."

"Nakusikia."

"Tofali hili linafanya nini chini ya meza?"

"Ni langu."

"La nini?"

"La kusimamia, nikikata kitambaa."

Fundi alilitazama tofali, akaitazama meza, akamtazama mkewe. "Usimame juu ya tofali kwa nini? Meza hii ni kiuno chako."

Mama Nesi alivuta pumzi. "Meza hii ni kiuno changu," alisema, "na viatu vya dada yangu."

Fundi akakaa kitandani na suruali yake iliyolowa, wala hakulijali godoro.

"Siku nilipokuja kuagiza meza," mkewe aliendelea, "nilikuwa nimeshakuona mara mbili ukipita na mbao begani. Nikataka unione mtu mzima, mwanamke wa kazi, si kisichana. Nikaazima viatu vya visigino vya dada. Sasa wewe ukasema umepoteza tepu ya kupimia, ukaja na ufito, ukaniegemezea hapa. Ningesemaje? Ngoja nivue viatu?"

"Ungesema."

"Ungesema wewe! Tepu haikuwa imepotea. Ilikuwa imechomoza mfukoni mwa suruali."

Fundi alikuna nyusi. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Na wewe ni mshonaji," Fundi alisema polepole, kama mtu anayefungua sanduku la zamani. "Mshonaji hatembei bila tepu."

"Ilikuwa kwenye pochi."

"Hukuitoa."

"Hukuniomba."

Wakatazamana. Kicheko kilianzia kwa Mama Nesi, begani, kikashuka hadi meza ikaanza kutikisika na sare zikawa karibu kuanguka. Fundi alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ikabidi mkewe ashuke majini kumpiga mgongo.

Alipopata pumzi akauliza, "Visigino vilikuwa na urefu gani?"

Mama Nesi aliunganisha vidole vinne akamwonyesha. Fundi aliviangalia vile vidole, akaangalia maji juu ya mbao. Vinne, toa viwili vya heshima, vinabaki viwili. Ndivyo hivyo vilivyokuwa vinacheza kwenye vifundo vya miguu yake. Maji yalifika kwenye meza, naye akayaita kiuno. Mkewe akachora kiuno, miguu mitupu. Kati ya vitu hivyo viwili palikuwa na jozi ya viatu vya kuazima, na hakuna aliyevikumbuka.

Halafu likamjia jambo kubwa zaidi. "Ufito!" alisema. "Meza zote za mtaa huu! Mtaa mzima unapika juu ya visigino vya dada yako!"

"Hujaona wanawake wanavyosimama majikoni? Mke wa muuza mkaa anapandia kopo la rangi. Yule wa duka la kona ana sanduku la soda. Ngazi peke yake ndiye asiyelalamika."

"Na hamkuniambia!"

"Nani akwambie? Mtu akikuuliza kipimo, unasema 'kiuno cha mke wangu' kama unataja cheo. Mimi nakusikia nikiwa huku ndani." Mama Nesi alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Tofali haliumi, Baba Nesi. Nilikuwa naona raha."

Nesi aliwakuta hivyo. Maji yalikuwa yameshuka magotini, na Ngazi alimshika mkono kumvusha mtaani, yeye akiwa na mabuti ya hospitali na macho mekundu. Alikuwa amepiga simu mpaka vidole vikauma. Simu ya mama yake ilikuwa salama kabisa, ndani ya mkoba, chini ya sare, imezimwa sauti. Alitegemea vilio. Akakuta wazazi wake wamepanda tena juu ya meza, wanafutana machozi ya kucheka. Kabla hajafungua mdomo, jicho lake likaenda kwenye miguu ya kitanda, ambapo maji yalikuwa yameacha mstari mbichi.

"Baba."

Kicheko kikaisha. Fundi alishuka, akasimama mbele ya bintiye, suruali imemgandia miguuni.

"Yamegusa," alisema. "Tulikubaliana. Mfungie mama yako vitu vyake. Mimi nitafuata na meza."

Nesi alikuwa ameiandaa hotuba njia nzima, ina sehemu ya upole na sehemu ya ukali, na sasa hakuna wa kumhutubia. Akakaa kwenye kidato cha juu cha ngazi, kilicholowa, akalia yeye.

"Unalia nini sasa, mama? Umeshinda," Fundi alimwambia bintiye.

"Sitaki kushinda." Alijifuta kwa mkono wa sare. "Mvua ikianza kupiga paa la wodi, nashika mkono wa mgonjwa nimpime mapigo, nasikia yangu. Mgonjwa ananiuliza, nesi, wewe ni mzima? Mimi sina haja ya kuwapumzisha, Baba. Nataka tu na mimi niweze kusikia mvua kama watu wengine."

Fundi alikaa karibu naye. Kidato kilikuwa chembamba, ikabidi wabanane. Msimu mzima alikuwa amejenga dhidi ya maji na dhidi ya kochi, na hata mara moja hakuwahi kumuuliza mtoto huyu anaogopa nini.

"Haya, niambie," alisema. "Kama wewe ndiye fundi, ungepima wapi?"

Nesi alifikiri kweli. "Nisingepima maji ya mwaka jana. Hayo yamekwenda zake. Ningepima yanayokuja, na hayo kiuno chake hakuna anayekijua. Ningejenga juu zaidi ya ninavyodhani. Halafu hata hivyo nisingekaa juu yake kuyasubiri. Jukwaa liokoe cherehani. Nyinyi muwe mmeshaondoka."

"Kila mvua?"

"Kila mvua kubwa. Mje kabla, si baada. Ikikatika, mrudi kwenu."

"Kwa hiyo tunakuja kama wageni," mama yake alisema kutoka mezani. "Hatuhami."

"Kama wageni."

"Nitapata pa kuweka randa na msumeno?" Fundi aliuliza.

"Kibarazani."

"Na cherehani ya mama yako, ile ndogo ya mkono?"

"Sebuleni, karibu na dirisha."

"Na kochi?"

"Kochi limefanya nini?"

"Mtu asinikalishe kwenye kochi."

Nesi hakuelewa, ila alikuwa muuguzi na amezoea kukubali masharti ya wagonjwa. "Hutakalishwa kwenye kochi, Baba."

Habari ya visigino ilifika mtaani kabla matope hayajakauka. Ngazi alikuja kumpa Fundi mkono akimshukuru, maana vitu vyake vyote vilibaki vikavu. "Kiuno chako kimeniokoa, Fundi!" Muuza mkaa, aliyepoteza magunia, alitaka kujua kwa nini kiuno hicho hicho hakikumwokoa yeye. Ilipoeleweka, mtaa ulicheka kwa namna ya watu ambao bado wana tope nyumbani. Wanawake wakaleta meza zao zikatwe miguu, wakivizungumzia visigino vile kama ndugu yao aliyewahi kuwatembelea.

Safari hii hawakumwachia kila mtu kiuno chake. Ngazi alileta mpira wake wa uashi, ule mwembamba unaopitisha mwanga, wakaujaza maji wakauburuta nyumba hadi nyumba. Maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja pande zote mbili, ardhi ipande au ishuke. Walianzia usawa wa kiuno cha Ngazi mlangoni kwa Fundi, wakaongeza urefu wa mkono mzima juu yake.

"Kwa hiyo nimeachwa," Mama Nesi alisema. "Umri huu naachwa kwa ajili ya mwashi."

"Yeye ni wa maji tu," Fundi alimjibu. "Wa meza ni wewe."

Wakapiga mstari mwekundu kwenye kila ukuta, mstari mmoja, na kila chenye thamani kikapandishwa juu yake. Rafu, swichi za umeme, magunia ya mkaa. Jukwaa la Fundi lilibomolewa, likasimamishwa juu zaidi, likapungua upana kwa sababu sasa halikuwa la kulalia watu wakati wa mafuriko bali la kutunzia vitu. Mfereji wakauzibua wote pamoja, wakatoa humo chupa, matambara, na kiatu kimoja ambacho Fundi alikitambua kwa uchungu. Na kwenye nguzo iliyo kando ya mfereji wakachora mstari mweupe, chini kabisa, wakauita Kisigino. Maji yakifika Kisigino, watu wanachukua watoto, wazee na dawa, wanafunga milango, wanapanda mtaa wa juu. Hakuna kungoja goti.

Yalifika mara moja kabla msimu haujaisha. "Kisigino! Kisigino!" watoto walipiga kelele, na mtaa mzima ukapanda kilima na vifurushi. Nyumba ya Nesi ilijaa mpaka jikoni. Mvua ikakatika, maji yakarudi mferejini bila kuingia kwa mtu, na muuza mkaa akanung'unika kwamba ametembea bure.

"Umetembea bure umerudi na miguu yako miwili," Mama Nesi alimwambia. "Faida nyingine unayoitaka ni ipi?"

Fundi alikaa kwa Nesi siku kadhaa, akatengeneza uzio wa kitanda cha mjukuu, akarekebisha mlango uliokuwa unakwaruza, na hakulikalia kochi hata mara moja, ingawa mkewe anashuhudia kwamba alilipitia karibu akaliminya kwa kidole.

Jua liliporudi wakarudi kwao, na Nesi akawasindikiza. Ilibaki meza moja tu mtaani ambayo haikuwa imekatwa miguu, ile ya Mama Nesi ya kukatia. Fundi aliitoa nje hadi uani, akaipindua, akanoa msumeno, kisha akamwita mkewe.

"Simama hapa. Vua viatu."

"Sina viatu."

"Ngoja niangalie vizuri." Akaiangalia miguu yake, mitupu, vidole vimetandazika juu ya mchanga. Akapapasa shati, akapapasa nyuma ya sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Tepu imepotea."

"Ee, masikini," Mama Nesi alisema. "Sasa utafanyaje?"

"Itabidi nipime kwa mikono."

Akamsogelea, akazungusha mikono yake yenye vumbi la mbao kiunoni mwa mkewe, akafumba macho kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Hesabu ilichukua muda.

"Baba," Nesi alisema kutoka mlangoni, "si hiyo hapo imechomoza mfukoni?"

"Nyamaza wewe," Mama Nesi alisema, amenyanyua viwiko kidogo kupisha kipimo. "Mwache fundi afanye kazi."